Tamasha la shamba na msitu: mihadhara, midahalo na burudani vipangweje ili watu wasiyakimbie maturubai?

Mkazi wa Ukonga

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Mimi ni katibu wa kikundi cha wakazi wa Ukonga na Gongo la Mboto kinachojishughulisha na utunzaji wa mazingira, na mwaka huu tumekubaliana na majirani zetu wa Kisarawe kuandaa kwa mara ya pili tamasha la siku mbili kuhusu maisha ya shambani na maumbile ya asili, katika uwanja ulio jirani na msitu wa Pugu. Tumechagua mwezi wa Septemba kwa sababu mvua za vuli zinakuwa hazijaanza, njia ya vumbi inapitika hata kwa bajaji, na wakulima wengi wanakuwa wamekwisha kuvuna. Vibali tunavifuatilia na mama lishe wamekwisha kujiandikisha. Ninaloomba hapa ni ushauri kuhusu ratiba yenyewe, yaani mihadhara, midahalo na burudani, kwa kuwa mwaka jana hapo ndipo tuliposhindwa.

Tuliugawa uwanja sehemu mbili: turubai la mihadhara upande wa mwembe, na jukwaa la ngoma na muziki upande wa barabara. Mtaalamu tuliyemwalika alifika kwa wakati, tena akiwa amejiandaa, lakini picha zake zilioneshwa kwenye kitambaa ambacho kwa jua la saa nne hakikuonekana kitu, na maneno yake yalikuwa ya ripoti. Baada ya robo saa ngoma ikaanza kulia upande wa pili. Watoto walitoka kwanza, mama zao wakawafuata, kisha wazee, na mtaalamu alipofika mwisho wa hotuba walikuwa wamebaki watu tisa, watano kati yao tukiwa wajumbe wa kamati. Siwalaumu walioondoka, kwa sababu sisi ndio tuliowapangia mambo mawili kwa saa moja.

Mchana tulifanya mdahalo kuhusu mkaa. Wazungumzaji wote wanne walikubaliana kwamba mkaa unamaliza misitu, kila mmoja akairudia hoja ya mwenzake kwa maneno mengine, na mdahalo ukawa hotuba moja iliyogawanywa kwa watu wanne. Wakati huo nje ya turubai alikuwa amesimama mtu aliyeshikilia baiskeli yenye magunia mawili ya mkaa, ambaye huuza mtaani kwetu. Alisikiliza kwa muda, akatikisa kichwa, akaondoka. Tangu siku ile sijaacha kumfikiria, maana uwanjani pale hapakuwa na aliyeijua habari ya mkaa kuliko yeye, na hakuna aliyemwita.

Naomba mniambie: mihadhara iwe mingapi na ya namna gani? Mdahalo uendeshweje ili uwe mdahalo kweli? Na burudani iwekwe wapi ili isiwe mshindani wa maarifa? Kuna wenzangu katika kamati wanaopendekeza mihadhara ifutwe kabisa, tubaki na ngoma na vyakula. Mimi bado sijakubali.

Bwana Shamba Mstaafu

Ndugu Katibu, usikubali. Watu wa nchi hii hawajawahi kuchoka kusikiliza mambo ya ardhi na miti. Wanachochoka nacho ni kusomewa.

Nilipokuwa mvulana, mwaka 1973, kulikuwa na kampeni ya redio iliyoitwa Mtu ni Afya. Baba yangu alikuwa kiongozi wa kikundi cha kusikiliza kijijini kwetu. Jioni ya kipindi, watu walikusanyika mbele ya nyumba yenye redio, wakasikiliza kwa pamoja, kisha redio ikazimwa, kijitabu kikafunguliwa na mtu anayejua kusoma, na mazungumzo yakaanza. Hayakuisha mpaka watu wamekubaliana jambo la kufanya kabla ya kipindi kinachofuata: huyu achimbe choo, yule afyeke nyasi karibu na nyumba, wale wasafishe kisima. Miaka miwili baadaye ikaja Chakula ni Uhai, na mwaka 1980 ikaja Misitu ni Mali, kwa mtindo uleule. Nimefanya kazi ya ugani kwa zaidi ya miaka thelathini na sijaona njia iliyowafanya watu wazima wabishane kuhusu mti kwa hamu kama ile. Siri yake ni kwamba kusikiliza kulikuwa sehemu fupi, na sehemu ndefu ilikuwa ya wasikilizaji wenyewe.

Kwa hiyo shauri langu la kwanza ni kwamba muda wa mhadhara uwe dakika kumi na tano, na muda wa waliohudhuria uwe dakika thelathini. Mtaalamu aambiwe mapema kwamba atakaa kwenye kiti au mkeka pamoja na watu, hatasimama nyuma ya meza, na hatakuja na picha za kompyuta mchana wa jua. Aje na kitu cha kushikwa mkononi. Anayezungumzia udongo alete udongo wa aina mbili kwenye makarai, aumwagie maji mbele ya watu, waone upi unanyonya na upi unayatiririsha. Anayezungumzia nyuki alete mzinga mtupu na kipande cha sega.

Shauri la pili linahusu mada. Nyinyi mko Pugu, na katika vilima hivyo ndimo unamoanza Mto Msimbazi, ambao unapita katikati ya jiji hadi bondeni Jangwani na kuingia baharini karibu na daraja la Salender. Kila mtu wa Dar es Salaam anayajua mafuriko ya Jangwani, na wengi wanayakumbuka ya Desemba 2011, ambayo baada yake baadhi ya walioathirika walihamishiwa Mabwepande. Lakini ni wangapi waliowahi kusimama mahali mto huo unapoanza wakiwa na mtu wa kuwaeleza kwamba mti unaosimama juu ya kilima una uhusiano na maji yanayoingia chumbani bondeni? Fanyeni hiyo iwe mada ya kwanza ya siku ya kwanza. Mwalikeni mkazi wa bondeni aliyewahi kupoteza vitu vyake kwa mafuriko, na mkulima wa mlimani anayelima kwenye mteremko, wakae pamoja na mtaalamu wa maji. Wengine wataongeza kwamba mto huo pia umesongwa na taka na kwamba watu wamejenga mahali pa maji, nao watakuwa na haki, kwa sababu msitu peke yake hauzuii mafuriko ya jiji. Waacheni wabishane hilo.

Mada nne kwa siku zinatosha. Na kila mada imalizike kwa kuulizana jambo moja la kufanya, liandikwe kwenye bango kubwa la karatasi, lisomwe jioni kabla ngoma haijaanza. Msipofanya hivyo watu watasifu tamasha na kurudi nyumbani mikono mitupu.

Mwalimu wa Mdahalo

Shikamoo Mzee Bwana Shamba, na asante kwa kutukumbusha vikundi vya redio. Ninafundisha shule ya sekondari hapa jijini na kwa miaka mingi nimesimamia klabu ya midahalo, kwa hiyo nitajibu sehemu ya mdahalo peke yake.

Ndugu Katibu, mdahalo wenu ulikufa kabla haujaanza, kwa sababu hoja ilikuwa haina upande wa pili. Ukisema mkaa unaharibu misitu, nani atasimama kupinga kwa dhati? Hoja nzuri ni ile ambayo watu wawili waungwana, wote wakiupenda msitu, wanaweza kutofautiana juu yake. Mimi ningeiandika hivi: "Ni bora kijiji kiruhusiwe kuchoma mkaa kwa mpango katika msitu wake kuliko mkaa kupigwa marufuku kabisa." Hapo kila upande una la kusema. Anayeunga mkono ataeleza kwamba Sheria ya Misitu ya 2002 imekipa kijiji nafasi ya kuwa na msitu wake na kuusimamia, kwamba huko Kilosa vijiji kadhaa vimejaribu utaratibu wa kukata kwa zamu sehemu ndogo ya msitu na kuacha visiki, na kwamba miti mingi ya miombo huchipua tena kutoka kwenye kisiki kama haikung'olewa wala kuchomwa moto. Anayepinga ataeleza kwamba tanuri la kawaida la udongo hupoteza sehemu kubwa ya kuni, hata tani moja ya mkaa ikahitaji tani tano au zaidi za miti, kwamba usimamizi hulegea mnunuzi anapokuja na fedha taslimu usiku, na kwamba Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034, kwa hiyo haifai kujenga biashara ambayo nchi imeamua kuiacha. Msikilizaji akishasikia pande zote mbili, ataondoka akiwa na kazi ya kufikiri.

Kabla wazungumzaji hawajapanda, kila anayeingia turubaini apewe punje mbili za hindi na punje mbili za kunde. Anayekubaliana na hoja atumbukize hindi moja kwenye chungu, asiyekubaliana atumbukize kunde moja. Baada ya mdahalo fanyeni vilevile kwa chungu kingine, kisha punje zihesabiwe hadharani na watoto. Mshindi atakuwa upande uliowabadilisha watu wengi zaidi, hata kama bado una punje chache. Njia hii humfanya mzungumzaji aongee na wale wasiokubaliana naye badala ya kuwafurahisha wenzake. Nimeitumia shuleni kwa vijiti na haijawahi kuniangusha.

Na mdahalo ufunguliwe kwa ngonjera. Tunasahau kwamba tunayo sanaa ambayo yenyewe ni mabishano. Marehemu mshairi Mathias Mnyampala alipoieneza ngonjera miaka ya sitini, aliutumia ubeti kuwa chombo cha kujibizana mbele ya watu mpaka mmoja amshawishi mwenzake. Chukueni wanafunzi wawili, mmoja awe Msitu na mwingine awe Jiko, wajibizane beti sita sita. Katika ngonjera za zamani mjinga huelimishwa na mjuzi na hukubali mwishoni. Katika yenu msiimalize. Iachieni njiani, mwenyekiti asimame na kusema kwamba wazungumzaji wataendelea pale watoto walipoishia. Hapo burudani na mdahalo vitakuwa kitu kimoja, wala hamtahitaji jukwaa la pili kwa saa hiyo.

Binti wa Kizaramo

Kaka Katibu, mimi ni mwenyeji wa Kisarawe niishiye Buguruni, na bibi yangu alikuwa mwimbaji. Nimesoma kwamba ngoma iliwachukulia watu wenu kutoka turubaini nikaona tatizo liko wazi: mliisimamisha mahali ngoma ambayo asili yake ni kutembea, nayo ikafanya kazi yake ya kuvuta watu.

Mdundiko hauchezwi kwa kusimama uwanjani mtu akiutazama kutoka kwenye kiti. Wapigaji hubeba ngoma zao, huenda barabarani, na watu hufuata nyuma wakicheza na kuimba, kutoka mtaa hadi mtaa. Kila mzazi wa Dar es Salaam anajua mtoto anavyoweza kupotea kwa kufuata mdundiko, akajikuta Vingunguti wakati alitumwa chumvi dukani Buguruni. Sasa itumieni nguvu hiyohiyo. Mdundiko uanzie kituo cha daladala Gongo la Mboto asubuhi, uwalete watu kwa sehemu ya njia, kisha pale uwanjani uwe ndio unaowahamisha kutoka mada moja kwenda nyingine. Mhadhara wa mto ukimalizika, ngoma ilie, watu wainuke, wafuate mpaka kwenye mzinga wa nyuki, ngoma inyamaze, mfuga nyuki aanze. Hapo hakuna atakayechagua kati ya ngoma na mhadhara, kwa kuwa ngoma ndiyo itakayomfikisha kwenye mhadhara.

Naomba pia jambo moja nililisemee kwa uzito. Kuna nyimbo na michezo ya unyago ambayo inahusu miti na mimea kwa undani mkubwa, na mti wa mkole ni sehemu ya mafundisho ya mwali kwetu tangu zamani. Kuna watu wa matamasha ambao huzichukua nyimbo hizo na kuziweka jukwaani kwa sababu zinapendeza. Msifanye hivyo. Waombeni makungwi wenyewe waseme ni zipi zinazofaa kusikika mbele ya wanaume na watoto, na wakisema hakuna, mkubali. Mnaweza kumwomba mmoja wao azungumze tu juu ya mti wenyewe, unamea wapi na kwa nini siku hizi ni shida kuupata karibu na mji, bila kuimba. Hilo peke yake ni mhadhara mkubwa.

Kwa watoto, jioni wekeni saa ya vitendawili. Mtu akisema "Kuku wangu katagia mwibani," nao wakapiga kelele "Nanasi!", mpeni aliyewahi kujibu nanasi lenyewe.

Msikilizaji wa Ndege

Nimezisoma hoja zote na ninazikubali, ila naona ngoma imepewa kila saa. Tamasha la maumbile lililo karibu na msitu linapaswa kuwa na muda wa ukimya. Asubuhi kuanzia saa kumi na mbili hadi saa mbili pasiwe na kipaza sauti wala jenereta, na watu ishirini ishirini waongozwe pembezoni mwa msitu, kwa idhini na pamoja na askari wa misitu, wasikilize ndege kabla jua halijawa kali. Usiku pia, muziki uzimwe mapema. Katika misitu ya Pugu na Kazimzumbwi anaishi komba wa Rondo, ambaye ni mdogo kuliko komba wengine wote, mwenye uzito wa gramu zipatazo 60 tu, na hapatikani popote duniani isipokuwa katika misitu michache ya pwani ya Tanzania. Mtu wa Gongo la Mboto anaweza kuishi miaka sabini bila kuambiwa kwamba ana jirani wa namna hiyo. Mkimpigia muziki wa spika kubwa hadi usiku wa manane mtakuwa mmemfanyia sherehe ya kumfukuza.

Mkazi wa Ukonga

Ndugu zangu, nimeyachapisha majibu haya yote na kuyasoma mbele ya kamati. Hoja ya ukimya imepita bila kupingwa, na muziki utazimwa saa tatu usiku. Mdundiko nao umepita, ingawa mhazini ameuliza ni nani atakayewarudisha watoto Gongo la Mboto, na tumekubaliana kila shule ije na mwalimu wake.

Imebaki nafasi moja, ya mhadhara wa mwisho wa siku ya pili. Wengine wanataka simba na tembo kwa sababu watu wanawapenda. Je, mna wazo?

Mtafiti wa Viumbe

Ndugu Katibu, tembo wana wasemaji wengi. Mimi nakuomba nafasi hiyo mumpe chura wa Kihansi.

Chura huyu wa manjano, asiyefikia hata sentimita tatu, alijulikana kwa wanasayansi mwaka 1996 katika korongo la Mto Kihansi, chini ya milima ya Udzungwa, mahali palipolowa wakati wote kwa manyunyu ya maporomoko ya maji. Hatagi mayai kama vyura wengine, bali huzaa watoto waliokwisha kukamilika. Wakati huohuo bwawa la umeme la megawati 180 lilikuwa likijengwa juu yake, na maji yalipoelekezwa kwenye mitambo, manyunyu yakapungua na makazi yake yakaanza kukauka. Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura wapatao 500 walipelekwa Marekani kulelewa katika bustani za wanyama, na korongoni vikawekwa vinyunyizio vya maji. Hata hivyo vyura waliobaki walitoweka, na mwaka 2009 ikatangazwa kwamba hawapo tena porini. Mwaka 2010 baadhi ya uzao wa wale waliochukuliwa wakaletwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na tangu 2012 wamekuwa wakirudishwa kwenye korongo lao.

Nimewahi kuisimulia habari hii kwa watu wa rika zote, na kila mara hutokea jambo lilelile: anasimama mtu na kuuliza kama ni halali fedha nyingi kutumika kwa chura wakati kijiji chake hakina umeme. Swali hilo lisizimwe. Aliyeuliza apewe kipaza sauti, aeleze kikamilifu, kisha aulizwe mkulima, aulizwe mwanafunzi, aulizwe fundi umeme. Mimi nina msimamo wangu, ya kwamba kiumbe kilichokabidhiwa nchi moja peke yake duniani ni amana ya nchi hiyo, lakini ningependa kuusikia msimamo huo ukitikiswa. Na jambo hilo tunalo hapahapa jijini, kwa kuwa chura wenyewe wamelelewa chuoni kwetu. Hakuna haja ya kuwasimulia watu habari za mbali.

Kama mtakubali, nitakuja mwenyewe, bila picha za kompyuta. Nitakuja na kinyunyizio cha mkono na kipande cha jiwe lenye kuvumwani, ule utando unaoota juu ya mawe.

Mkazi wa Ukonga

Karibu sana, Mtafiti. Nafasi ni yako, siku ya pili saa kumi alasiri.

Wengine nawaletea habari moja. Juzi jioni nilikwenda kumtafuta yule muuza mkaa wa baiskeli. Nilimkuta anapima mkaa kwa kopo nje ya genge, nikamsalimu, nikamwomba radhi kwa jambo la mwaka jana. Alilikumbuka. Aliniambia aliondoka kwa sababu alisikia mtu akisema wachoma mkaa hawajui thamani ya mti, wakati yeye anaweza kutaja kwa majina miti yote inayotoa mkaa mzito na ile inayotoa majivu tu, na anajua ni kilima gani amekiona kikiisha kwa macho yake. Nilimweleza kuhusu hoja ya Mwalimu na kuhusu punje za hindi na kunde. Alifikiri kidogo, akasema atakuja, na atazungumza upande wa kupinga, yaani upande wa marufuku. Sikutarajia hilo. Anasema amechoka kwenda mbali zaidi kila mwaka.

Ameweka sharti moja. Kila atakayezungumza katika mdahalo huo, wa upande wowote, aanze kwa kuwaambia watu nyumbani kwake jana usiku wamepikia nini. Kamati imelikubali, na leo nimeanza kuwapigia simu wazungumzaji wengine watatu ili wasije wakashangazwa.

Mwalimu, tafadhali tuwekee hapa kanuni zako za muda wa kila mzungumzaji kabla ya Jumapili, maana ndiyo siku tunayochapisha ratiba.